Waziri Kwenye Karia

Palikuwa na nchi, wala si zamani sana, iliyoitwa Jamhuri ya Ustawini. Msomaji asihangaike kuitafuta kwenye ramani. Ninachoweza kuapa ni kwamba si nchi hii yetu, kwa sababu barabara za Ustawini zilikuwa na mashimo, na za kwetu, kama mjuavyo, zina viraka.

Mji wake mkuu uliitwa Patashika. Magari ya Patashika yalianza kusimama alfajiri na kuendelea kusimama hadi jioni, na kusimama huko ndiko kulikoitwa safari. Watu waliuziwa chai, soksi na mitego ya panya dirishani. Kuna waliochumbiana kwenye foleni ya daraja la reli, na kabla hawajafika sokoni walikuwa wameshaachana. Serikali haikuona tatizo. Redio ya taifa ilikwisha kutueleza kwamba foleni ni ushahidi wa magari, magari ni ushahidi wa maendeleo, na mtu anayelalamikia foleni anaonea wivu maendeleo ya mwenzake aliye mbele yake.

Katika mji huo aliishi Bi Sikitu Malembeka, mkunga wa zahanati ya Kwa Mkorogo. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti iliyozoea kuamrisha watu wasukume. Kwa kuwa watoto wa Patashika walikuwa na tabia mbaya ya kuzaliwa bila kungoja foleni ipungue, Bi Sikitu alinunua baiskeli. Ilikuwa nyeusi, ya chuma, yenye karia pana nyuma na kengele iliyosikika hadi mtaa wa pili. Alifunga sanduku lake la vifaa kwenye karia, akavaa suruali na kanga juu yake, akawa anapita. Alipita kati ya basi na lori, kando ya mtaro, katikati ya meza za wauza nyanya, huku watu wakimtukana na kumsalimia kwa pumzi ileile.

"Una wazimu wewe mwanamke! Shikamoo mkunga!"

"Marahaba! Mama yako hajambo?"

Polisi wa barabarani walimsimamisha mara kwa mara.

"Mama, tazama wenzako," walimwambia. "Wote wametulia. Wewe kwa nini unatembea?"

Hayo yangeendelea hivyohivyo kama kiongozi wetu asingesafiri. Nimesema kiongozi wetu? Nilitaka kusema wao. Cheo chake kilikuwa Mheshimiwa Sana, kwa sababu Mheshimiwa peke yake kilikuwa kimegawiwa hovyo mpaka kwa madiwani. Mheshimiwa Sana alikwenda nchi moja ya baridi kuomba msaada. Akiwa kwenye ngazi za jengo lao la serikali, alimwona waziri mkuu wa nchi ile anakuja kazini kwa baiskeli, peke yake, mkate ukiwa kwenye kikapu cha mbele. Kwanza alimwonea huruma. Alidhani nchi imefilisika, akafikiria kufupisha ombi. Alipoelezwa kwamba yale ndiyo maendeleo yenyewe, hakulala kwa wivu.

Aliporudi alihutubia pale pale uwanja wa ndege.

"Ndugu wananchi! Kuanzia leo Ustawini ni Taifa la Baiskeli. Ijumaa hii, Waziri wangu wa Mwendo atatoka Ikulu kwa baiskeli hadi Uwanja wa Shukrani, ambako mimi nitakuwa nikimngoja, nikiwa nimefika kwa gari."

Tulipiga makofi. Walipiga, yaani. Aliyepiga makofi kuliko wote alikuwa Waziri wa Mwendo, Kasi na Uvumilivu, Mheshimiwa Dakta Haruni Mtambalike, mtu mnene mwenye uso wa upole na suti za kushonewa. Alipomaliza kupiga makofi aliinama sikioni kwa afisa itifaki wake.

"Sekiondo, baiskeli inaendeshwaje?"

Si kosa lake. Alilelewa na bibi aliyeogopa kila kitu chenye magurudumu. Shuleni alikuwa kiranja, akatoka shule akaingia chamani, akatoka chamani akaingia garini, na tangu hapo hakuwahi kukaa kiti cha mbele cha chombo chochote.

Bwana Sekiondo alikuwa mwembamba, mtanashati, na kipaji chake kilikuwa kupata lugha ya heshima kwa jambo lolote litakalotokea. Wakati Bwawa la Taifa lilipopasuka na kuingia mitaani, ni yeye aliyeandika kwamba maji yamewafikia wananchi. Alimtuliza bosi wake. Mjini pote kulikuwa na mtu mmoja tu anayejulikana kwa baiskeli, na mtu huyo angefundisha.

Basi likaenda gari jeusi la vioo vyeusi hadi Kwa Mkorogo. Bi Sikitu akatoka akifuta mikono.

"Nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu, mama. Umeteuliwa."

"Afadhali mngenikamata. Kukamatwa kuna dhamana."

*

Mafunzo yalifanyika kwenye bustani ya wizara, mapazia yote ya ofisi yakiwa yamefungwa ili watumishi wachungulie kwa adabu. Mheshimiwa alipanda, akaanguka.

"Mheshimiwa ameteremka," alisema Sekiondo.

Akapanda tena, akaingia kwenye maua.

"Mheshimiwa amekagua bustani."

"Usitazame gurudumu, baba," Bi Sikitu alimwambia, akimsimamisha na kumpangusa majani. "Gurudumu halikimbii. Tazama unakokwenda."

"Dada Sikitu, mimi ni mwanasiasa. Sijawahi kuulizwa ninakokwenda."

Wakaendelea hivyo siku zote walizopewa. Alhamisi mchana waziri aliketi kwenye nyasi, goti limechubuka, tai imeingia kwenye mnyororo na kukatwa nusu. Hakuwa tena na sauti ya hotuba.

"Nikianguka kesho mbele ya televisheni," alisema polepole, "keshokutwa nitakuwa balozi mahali ambapo hata posta haifiki. Nina mke anayeumwa figo. Kule hakuna dawa, dada."

Bi Sikitu alikuwa amekuja pale na hasira, maana kwa siku zote hizo zahanati ilikuwa imeachiwa mkunga mwenzake mmoja tu, asiyepata usingizi. Lakini alikuwa amezoea kukaa na watu walioshikwa na hofu, na hofu ya huyu haikuwa tofauti na ya wengine. Akaitazama baiskeli yake.

"Karia yangu inabeba gunia la mkaa," alisema. "Nitaendesha mimi. Wewe utakaa nyuma."

"Waziri? Nyuma ya mwanamke?"

"Waziri," alidakia Sekiondo, macho yakimng'aa, "katika nafasi ya usimamizi."

*

Ijumaa ilipofika, barabara zote za Patashika zilifungwa tangu asubuhi ili kumlinda mwendesha baiskeli. Waendesha baiskeli wengine walikusanywa na kuwekwa kwenye ua wa polisi ili wasivuruge Siku ya Baiskeli. Mbele zilikwenda pikipiki zenye ving'ora, zikafuata gari nyeusi zisizohesabika. Nyuma ya baiskeli lilikuja lori la bendi ya taifa, gari la televisheni, gari la zimamoto, na gari la wagonjwa tupu, jipya, linalong'aa. Sijawahi kusikia magari mengi kiasi kile yakijitokeza kuishangilia baiskeli moja.

Bi Sikitu alikanyaga pedali kwa mwendo wa bendi, sanduku lake likiwa limefungwa kwenye usukani. Nyuma yake, juu ya mto wa mahameli, Mheshimiwa alipunga mkono mmoja na kuushikilia uhai wake kwa mkono wa pili. Huku na huku mabasi yalikuwa yamesimama, watu wamening'inia madirishani wakiwa na bendera walizogawiwa.

Walipofika njia panda ya Pamba, mwanamume mmoja alipenya katikati ya miguu ya askari. Alikuwa Chande, mshona viatu wa Bondeni, bado amevaa aproni yake ya ngozi.

"Mkunga! Mkunga Sikitu! Mwajabu kashikwa tangu alfajiri! Mtoto anatanguliza matako!"

Askari walimdaka na kumlaza chini. Kosa lake, walimwambia, ni kupiga kelele zisizokuwemo kwenye ratiba.

Bi Sikitu alifunga breki. Alimjua vizuri Mwajabu, mke wa Chande. Mwajabu alikwisha kubeba mimba mbili, na zote mbili zikaishia makaburini. Safari hii alimshika mkunga mkono na kumwambia, "Ukiwepo wewe, nitaweza." Na Bi Sikitu akajibu kwamba atakuwepo.

Akageuka kumtazama dereva wa gari la wagonjwa.

"Kaka, kuna mzazi Bondeni. Twende."

"Hili ni la Mheshimiwa," dereva alimjibu.

"Mheshimiwa haumwi."

"Ndiyo. Tunamngoja aumwe."

Akageukia karia.

"Mheshimiwa, shuka."

"Nishuke?" waziri alinong'ona, bado anapunga mkono na kutabasamu. "Mbele ya kamera? Nikishuka watataka nipande mwenyewe. Dada, nakuomba."

"Basi jishike."

"Nishike wapi?"

"Kiunoni. Na usiniletee habari za itifaki."

Akakata kushoto, akaingia Mtaa wa Mabati.

Pikipiki na gari nyeusi, kwa kuwa hazikuwa na desturi ya kutazama nyuma, ziliendelea moja kwa moja na ving'ora vyake hadi Uwanja wa Shukrani. Zilizokuwa nyuma zilikuwa zimeamriwa kuifuata baiskeli, zikaifuata. Lori la bendi lilikwama papo hapo kati ya kuta mbili, likaendelea kupiga wimbo wa taifa humohumo hadi jioni, na wenye nyumba hizo walilazimika kupika chakula wakiwa wamesimama wima. Sekiondo aliruka kutoka garini akakimbia kwa miguu, simu sikioni.

"Hapana, hajapotea! Mheshimiwa amebadili mwelekeo kwa sababu za kimkakati!"

Mtaa wa Mabati ni mwembamba, na siku hiyo ulikuwa umebeba watu wote waliofukuzwa barabara kuu. Kulikuwa na mikokoteni ya viazi, mbuzi, majiko ya chapati, godoro linavukishwa vichwani. Baiskeli ilidunda. Waziri naye alidunda.

"Mama yangu! Hili shimo ni la nani?"

"La kwako, baba. Barabara hii uliifungua mwaka juzi. Ulikata utepe."

"Nilikuwa garini," alisema waziri kwa mshangao wa kweli. "Sikulisikia."

Mkokoteni ukawafungia njia. Bi Sikitu alipiga kengele, lakini kengele ilimezwa na makelele ya cherehani na redio. Waziri akavuta pumzi na kutumia sauti aliyoitumia kwenye mikutano ya hadhara.

"Pisheni! Waziri anapita!"

Hakuna aliyesogea. Muuza chapati alicheka. "Na mimi ni malkia! Kaa foleni na wenzako!"

Bi Sikitu alikuwa ameweka mguu chini, mabega yakipanda na kushuka. Waziri alilisikia jasho lake kwenye mikono yake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza siku ile akasahau kwamba anatazamwa. Akasimama juu ya vigingi vya gurudumu la nyuma, mkono mmoja begani kwake.

"Mkunga! Mkunga anapita! Mpisheni mkunga!"

Mtaa ukafunguka. Mkokoteni ulinyanyuliwa na watu wasiojuana, ukabandikwa kibarazani na viazi vyake. Majiko yakavutwa, godoro likasimamishwa ukutani, mtu akambeba mbuzi kifuani kama mtoto. "Pita mama! Pita!" Waziri alikuwa amepishwa na watu maisha yake yote, lakini daima mbele yake kulikuwa na virungu. Hili la kupishwa na watu wanaotaka hakuwa amelijua. Alipiga ukelele tena, na tena, hadi sauti ikakauka, na mdomo wake ukabaki wazi ukicheka. Kamera ya televisheni, iliyokuwa inakuja mbio begani mwa mpigapicha, ililiona cheko hilo, na nchi nzima ikaliona.

*

Mwajabu alikuwa kwenye mkeka, wanawake wawili wa jirani wamemshika. Bi Sikitu alichukua sanduku lake, akaingia moja kwa moja hadi kwake.

"Nimekuja, mwanangu. Usisukume bado. Mpaka nikwambie."

Pazia likashuka. Waziri alibaki uani na mto wake wa mahameli.

"Wewe baba wa suti!" sauti ya kike iliita kutoka ndani. "Unashangaa nini? Lete maji!"

Alichukua ndoo, akafungua bomba. Bomba lilikohoa.

"Maji hayatoki!" alipaza sauti, kama mtu aliyegundua jambo.

"Tunajua! Nenda kisimani nyuma ya msikiti!"

Akaenda, akapanga foleni, hakuna aliyemjua kwa tope la njiani lililomrukia usoni. Alirudi na ndoo kichwani, nusu ya maji ikiwa kwenye suti. Kisha akageuza ndoo nyingine akaikalia. Chande alifika akihema, amewatoroka askari, akaketi chini kando yake. Ndani walimsikia Mwajabu akilia, kisha Bi Sikitu: "Sasa. Sasa sukuma, mama. Tena. Miguu imetoka, usiniache sasa, tena!"

Halafu kimya.

Chande alianza kutikisa kichwa, kwanza taratibu, kisha kwa nguvu, kama mtu anayekataa kitu anachopewa. Waziri alitaka kumwambia neno. Alitafuta katika maneno yote aliyowahi kuyatumia kwa umma, hakuona hata moja linalofaa, akamshika tu mkono. Ndani walisikia kofi dogo, pumzi ya mtu anapuliza, kofi tena.

Kisha mtoto akalia. Alilia kwa hasira, kama aliyechelewa kazini.

"Msichana!" alipiga kelele mwanamke wa jirani. "Na mama mzima!"

Chande aliangukia kifuani kwa waziri, na wote wawili wakalia pale juu ya ndoo mpaka Sekiondo alipofika, akawatazama, akafungua mdomo atafute lugha ya heshima, akaufunga.

*

Serikali ililipokea jambo hili kwa uzito. Mheshimiwa Sana alikuwa amengoja uwanjani mpaka jua likampata upande usio na kivuli, akaletewa msafara usio na kitu katikati. Kibaya zaidi, wananchi walikuwa wamemwona waziri kwenye televisheni na kumpenda, na katika Ustawini kupendwa kulikuwa na mwenyewe.

Tume iliundwa, ikakaa, ikala, ikatoa matokeo. Iligundua kwamba baiskeli ilifika Bondeni mahali ambapo gari lolote la serikali halijawahi kufika. Kwa hiyo, ilihitimisha, baiskeli ni chombo muhimu mno kuachiwa wananchi. Baiskeli zote za mjini zilichukuliwa. Kila waziri alipewa moja, pamoja na dereva wake, baiskeli ya mlinzi, na gari la kumfuata nyuma lenye pampu.

Baiskeli ya Bi Sikitu ilipewa heshima ya pekee. Iliwekwa Makumbusho ya Taifa, juu ya jukwaa lenye zulia jekundu, karibu na simba aliyejazwa pamba. Mwenyewe alivishwa nishani na kushauriwa atumie miguu, ambayo serikali haikuwa na mpango wa kuichukua kwa wakati huo.

Dakta Mtambalike aliachishwa uwaziri kwa kosa la kucheka bila idhini. Hakupelekwa ubalozini, kwa kuwa huko angeweza kuonwa na watu. Aliteuliwa Mwenyekiti wa Bodi ya Makumbusho, mahali ambapo nchi huhifadhi vitu isivyoweza kuvitupa.

Bi Sikitu akawa anakwenda kwa miguu. Alimkuta mzazi mmoja wa mtaa wa Kilimahewa amejifungua peke yake sakafuni, mtoto kafunikwa gazeti. Walipona wote, lakini Bi Sikitu alirudi nyumbani, akaitungua nishani ukutani na kuitumia kuzibia tundu la panya. Alipoitwa tena, mchana wa jua kali, kwa mke wa mwashi huko ng'ambo ya mji, uzazi wa kwanza, hakuelekea ng'ambo ya mji. Alielekea makumbusho.

Palikuwa pamefungwa kwa chakula cha mchana. Alisukuma mlango wa pembeni, ukakubali. Ndani alisikia kengele.

Mwenyekiti wa Bodi, akiwa na soksi tu miguuni, tai ameitupia mgongoni, alikuwa anaendesha baiskeli kumzunguka simba. Macho ameyakaza mbele, ulimi umetoka kidogo pembeni. Alipomwona mgeni aliinua mkono kumpungia, akayumba, akajisawazisha, akaenda kusimama kwa kumkumbatia simba shingoni.

"Dada Sikitu! Umeona? Umeniona?"

"Nimekuona, baba. Breki bado."

"Breki bado," alikubali kwa furaha. Kisha akaliona sanduku mkononi mwake. "Ni nani?"

"Mke wa mwashi. Ng'ambo."

Dakta Mtambalike alishuka, akaitazama ile karatasi ya USIGUSE iliyobandikwa jukwaani, akakuna kidevu.

"Kisheria, kitu cha makumbusho hakitoki humu bila kibali cha Bodi."

"Bodi ni nani?"

"Mimi. Wajumbe wengine hawajateuliwa."

"Basi itisha kikao, nina haraka."

Alifumba macho muda wa kumeza mate, akayafumbua.

"Azimio limepita. Hakuna aliyepinga."

Wakaibeba wawili kuishusha ngazi. Alimfungia sanduku kwenye karia kwa mikono yake, akavuta kamba kuhakikisha, akamsukuma kidogo mgongoni kumpa mwanzo, akabaki kwenye ngazi na soksi zake mpaka kengele iliposikika mtaa wa pili. Halafu alirudi ndani, akatafuta kipande cha boksi, akaandika kwa wino mzito: IKO KAZINI. Akakisimamisha juu ya zulia jekundu.

Wakubwa wa serikali walikuja kukagua, wakalizunguka jukwaa tupu huku mikono imefungwa nyuma. Wa kwanza aliogopa kuuliza, wa pili akaogopa kuonekana hajui, wa tatu akasema ni kazi ya sanaa yenye kina. Tangu hapo wananchi humiminika. Hupanga foleni hadi nje, hulitazama zulia, hutazamana wao kwa wao, hukohoa. Siku moja bibi kizee alimvuta Mwenyekiti shati na kumuuliza kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, hiyo baiskeli itarudi saa ngapi?"

"Mtoto akishalia, mama," alijibu Dakta Mtambalike.

Na watu wote waliokuwa kwenye foleni wakanyamaza, wakasikiliza upande wa mjini.